Daftari la duka la Mabawa likae wapi? Historia fupi ya "wingu"

Neno "wingu" limepotosha watu wengi. Mwambie mwenye duka la jumla pale Mabawa kwamba hesabu zake ziko kwenye wingu, atatazama juu. Angetazama baharini angekuwa karibu zaidi na ukweli. Hesabu zake ziko kwenye kompyuta ya mtu mwingine, mara nyingi nje ya nchi, na njia kubwa ya kuifikia ni mkongo uliolala chini ya Bahari ya Hindi.

Kutegemea mashine usiyoimiliki wala kuimudu si jambo geni kwetu. Kompyuta ya kwanza Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hesabu zake zilizowekwa kwenye mashine kwenda kombo. Watu husimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi sicheki: wataalamu wa kuiendesha walikuwa wachache, wengi wao wageni, na mambo yalipoharibika wenye hesabu hawakuwa na uwezo wa kuzinyoosha wenyewe.

Tuje kwenye waya. Zanzibar iliunganishwa na simu ya maandishi ya chini ya bahari mwaka 1879. Intaneti ilichelewa sana: hadi Seacom inafika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, mawasiliano ya nje yalipitia setilaiti, ghali na ya kukatikakatika. Baada ya hapo ndipo wingu likawa jambo la mfanyabiashara wa kawaida. Microsoft walifungua vituo vya seva Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon wakafuata Cape Town mwaka 2020.

Sasa angalia ramani. Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, Seacom na EASSy zilikatika kwa pamoja, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, yaani kwenye njia ileile ya kwenda kwenye seva hizo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi.

Kwa hiyo ukipanga, usianze na swali la kampuni ipi ina bei nafuu (bei zenyewe nyingi ni za dola, shilingi ikishuka utazilipa upya). Anza na hili: laini ikifa siku tatu, nini lazima kiendelee? Kwa duka la jumla ni bei, stoo, na orodha ya waliochukua mali kauli. Hivyo vibaki pia kwenye kompyuta ya dukani. Hesabu za miaka iliyopita na nakala za akiba zinaweza kwenda mbali bila shida, kwani duka likiungua ndizo zitakazokuokoa. Kuwa na laini mbili za mitandao tofauti ni vizuri, ila uliza kama zote hazipiti mkongo mmoja. Na majina na namba za simu za wateja usizipeleke nje kiholela. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaligusa duka pia.

Mfano wa mpango wa namna hii uko kaunta tayari. Mashine ya EFD, iliyoanza kutumika mwaka 2010, hutoa risiti na kuweka kumbukumbu ndani yake hata mtandao ukiwa chini, kisha mtandao ukirudi huzituma TRA.