Gari la Moshi Kati ya Mombasa na Nairobi

Zamani za misafara, mtu aliyetoka Mombasa kwenda ziwa la Nyanza aliihesabu safari yake kwa miezi. Nyika ya Taru ilikuwa mbele yake, maji yalikuwa haba, na mizigo ilichukuliwa juu ya vichwa vya watu. Reli ilianza kujengwa mwaka 1896. Ikafika mahali pa Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Vibarua 32,000 hivi waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Simba wa Tsavo ndio wanaosimuliwa sana, ingawa maradhi na ajali ziliua wengi kuliko wao.

Kwa miaka mingi gari la moshi halikuwa na mshindani, na kitu kisicho na mshindani hakiulizwi kama kinafaa. Sifa iliyoenea ni ya safari ya usiku: abiria alipanda jioni, akala mezani, akalala kitandani, akaamka katika mbuga za Athi na kushuka katikati ya mji. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ilikuwa ya wachache. Wakati wa ukoloni daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na Waafrika walisongamana katika la tatu, wakikesha juu ya viti vya mbao. Hata hivyo, abiria wa daraja la tatu ndiye aliyelihitaji gari kuliko wote. Lilisimama katika stesheni ndogo, likampokea pamoja na kapu lake la nazi, tena kwa nauli aliyoimudu.

Eropleni haikumnyang'anya gari abiria huyu. Kampuni ya Wilson Airways iliundwa Nairobi mwaka 1929, na East African Airways ikaanza mwaka 1946, lakini hizo zilikuwa njia za wenye fedha. Hata leo arukaye hukaa angani chini ya saa moja, kisha hutumia saa nyingine kadha kwenda kiwanjani, kungoja, na kuingia mjini. Lililomvuta abiria wa daraja la tatu ni basi. Basi huondoka mara nyingi kwa siku, humchukua mtu mjini, na humshusha kando ya njia karibu na kwao. Gari la usiku, juu ya reli yake nyembamba iliyochakaa, lilizidi kuchelewa mpaka likakoma mwaka 2017.

Mwaka huo huo, tarehe 31 Mei, reli mpya ilifunguliwa. Safari ikawa ya saa tano hivi, na nauli ya daraja la chini ikaanza kwa shilingi 700. Basi halikuweza mwendo huo, wala barabara ile ya malori haina salama ya reli. Hesabu ingeishia hapo kama watu wangekuwa wakikaa stesheni. Lakini stesheni ya Mombasa iliwekwa Miritini, nje ya kisiwa, na ya Nairobi huko Syokimau, kilometa 20 hivi kutoka katikati ya mji. Ashukaye Syokimau na mzigo wake huanza safari ya pili; na njia mojawapo ya kuimaliza ni kupanda gari dogo linalopita juu ya reli ya zamani, mpaka stesheni ile ile ya kale.