Mabinti wanne wa Ogwumike: vitabu, kikapu na jezi ya Nigeria

Aprili 2014, Connecticut Sun ilikuwa na haki ya kuwa timu ya kwanza kuchagua chipukizi wa kuingia ligi ya wanawake ya WNBA nchini Marekani. Ikamtaja Chiney Ogwumike. Miaka miwili kabla ya hapo, Los Angeles Sparks ilikuwa imemchagua dada yake, Nneka, kwa namna hiyohiyo. Katika ligi kubwa za Marekani, ndugu wa tumbo moja waliowahi kushika namba moja wote wawili walikuwa Peyton na Eli Manning peke yao, na hao walikuwa wa mpira wa miguu wa Kimarekani.

Akina Manning walirithi mchezo kutoka kwa baba yao, aliyekuwa mchezaji wa kulipwa. Kwa akina Ogwumike hapakuwa na urithi wa aina hiyo. Peter na Ify Ogwumike walihamia Marekani wakitoka Nigeria, wakalea mabinti wanne mjini Cypress, viungani mwa Houston, Texas. Nneka alizaliwa mwaka 1990, Chiney 1992, wakafuata Olivia na kitinda mimba Erica. Mama yao alijenga maisha yake ya kazi katika uongozi wa elimu, na nyumbani kwake vitabu vilikuwa mbele ya yote. Wasichana wawili wakubwa walianza na jimnastiki. Nneka akarefuka kuliko mchezo huo unavyotaka, ndipo akaelekezwa kwenye kikapu. Chiney alimfuata dada yake, mwanzoni kwa shingo upande.

Wakaja kugundua kwamba mpira na vitabu havikuwa maadui. Vyuo vikuu vya Marekani huwalipia karo wachezaji hodari, na Nneka alipomaliza sekondari ya Cy-Fair akaenda Stanford, California, moja ya vyuo vyenye sifa kubwa kuliko vyote nchini humo. Katika misimu yake minne, kuanzia 2008 hadi 2012, Stanford ilifika nusu fainali ya taifa kila mwaka, ingawa kombe lenyewe halikupatikana. Alitoka na shahada ya saikolojia. Chiney alijiunga mwaka 2010, akasoma uhusiano wa kimataifa, na alipoondoka 2014 alikuwa amefunga pointi 2,737, nyingi kuliko mchezaji yeyote, mwanamume au mwanamke, katika historia ya jumuiya ya vyuo vya Pac-12 hadi wakati huo. Olivia na Erica nao walicheza vyuoni, kwanza Pepperdine, kisha Rice, jijini Houston.

Nneka aliwika zaidi mwaka 2016. Juni, dhidi ya Dallas Wings, alirusha mipira 12 na yote ikaingia. Mwisho wa msimu alitangazwa Mchezaji Bora wa ligi, akiwa na wastani wa pointi 19.7 kwa mchezo. Oktoba 20, fainali ya Sparks na Minnesota Lynx ilifika mchezo wa tano, wa kuamua bingwa, jijini Minneapolis. Lynx walikuwa mbele kwa pointi moja. Nneka akautwaa mpira uliokosa kikapu, jaribio lake la kwanza likazuiwa, akaudaka tena na kuutumbukiza zikiwa zimesalia sekunde 3.1. Sparks 77, Lynx 76. Ushindi huo haukukosa lawama: ligi ilikiri baadaye kwamba kikapu kingine cha Nneka, kilichofungwa dakika moja na ushei kabla ya mwisho, hakikustahili kuhesabiwa, kwa kuwa muda wa kurusha ulikuwa umekwisha.

Njia ya Chiney ilijaa mabonde. Alikuwa Chipukizi Bora wa 2014, kama dada yake alivyokuwa 2012, lakini upasuaji wa goti ukamfungia nje msimu mzima wa 2015, na kano ya kisigino iliyokatika mwishoni mwa 2016 ikamnyima wa 2017. Wakati mwili ukiuguza majeraha, akageukia utangazaji. Mwaka 2018 alirudi uwanjani kwa kishindo, akachaguliwa kucheza mechi ya nyota wa ligi, na mwaka huohuo akaingia mkataba na televisheni ya michezo ya ESPN. Mwaka 2019 alihamia Sparks, kwa dada yake.

Nneka naye alikuwa na kazi nyingine nje ya uwanja. Tangu 2016 alikuwa rais wa chama cha wachezaji wa WNBA, na Januari 2020 chama hicho kilifikia na ligi mkataba mpya wa hali bora za kazi. Mshahara wa juu ulipanda kutoka takriban dola 117,500 hadi 215,000 kwa msimu. Mchezaji aliyejifungua alihakikishiwa mshahara kamili wakati wa likizo ya uzazi, na safarini kila mmoja akapata chumba chake hotelini.

Kilichomponyoka ni Olimpiki. Alitwaa dhahabu ya Kombe la Dunia na Marekani mara mbili, 2014 na 2018, lakini katika Olimpiki za 2012, 2016 na Tokyo hakuitwa. Mwaka 2021 yeye na wadogo zake Chiney na Erica waliomba kuichezea Nigeria, nchi ya wazazi wao. Shirikisho la kimataifa, FIBA, likamkatalia Nneka kwa hoja kwamba alikuwa ameitumikia Marekani muda mrefu mno, na rufaa haikufua dafu.

Aliyevaa jezi ya Nigeria huko Tokyo, siku ambayo Marekani iliishinda Nigeria 81 kwa 72, alikuwa Erica. Mwaka mmoja kabla ya michezo hiyo naye alichaguliwa kuingia WNBA, katika nafasi ya 26, lakini hakucheza hata mchezo mmoja wa ligi hiyo. Alikuwa ameamua kusomea udaktari.