Kishikwambi chageuka usukani wa mitambo ya sauti

FUNDI mitambo anayesimamia sauti katika harusi, mkutano wa injili au onyesho la bendi haonekani tena kila mara nyuma ya meza kubwa iliyojaa vitufe. Mara nyingi huonekana akizungukazunguka ukumbini na kishikwambi mkononi, kifaa kilekile ambacho watoto hukitumia nyumbani kutazama katuni, na kwa kidole kimoja humpandishia sauti mwimbaji au kuizima maikrofoni inayopiga mluzi.

Mabadiliko hayo yameokoa fedha na jasho. Hata hivyo, yamekiweka chombo kilichotengenezwa kwa matumizi ya sebuleni mahali ambapo hitilafu ya dakika moja husikiwa na umati mzima.

Historia yake si ndefu. iPad ya kwanza ya kampuni ya Apple iliingia sokoni Aprili 2010, na mwaka huohuo Yamaha ya Japani ilitoa programu ya StageMix kwa ajili ya mashine yake ya kuchanganyia sauti ya M7CL, iliyokuwapo tangu 2005. Wakati huo kishikwambi kilikuwa msaidizi tu. Kikizimika, meza yenye vitufe ilikuwa palepale na fundi aliendelea na kazi.

Hatua nzito ilikuja mwaka 2012, pale kampuni ya Mackie ya Marekani ilipotoa DL1608, mashine ya njia 16 isiyo na vitufe vya kusukuma. Ilikuwa na vifundo vya kuongeza au kupunguza nguvu ya maikrofoni, na katikati pakaachwa nafasi ya kutelezesha iPad. Bila iPad, hapakuwa na kuchanganya sauti.

Haikuchukua muda kabla ya utegemezi huo kuonyesha gharama yake. Septemba 2012 Apple ilianza kuachana na plagi yake pana ya pini 30 na kuleta ndogo iitwayo Lightning, na iPad iliyotangazwa mwezi uliofuata haikuweza tena kuunganishwa katika nafasi hiyo. Mashine iliyokuwa ngeni sokoni ikawa imeachwa nyuma na uamuzi wa kampuni nyingine kabisa. Mackie ililazimika kutoa toleo lenye plagi mpya, na wenye mashine za awali walioitaka iPad mpya wakabaki kuitumia kwa mawasiliano yasiyo na waya. Mwaka 2022 iPad ya kawaida ikahamia tena, safari hii kwenye plagi ya USB-C.

Watengenezaji wengi wakaonelea ni heri kuachana na nafasi hizo. Mashine kama XR18 ya Behringer ni kisanduku kinachokaa jukwaani karibu na wanamuziki, hakina kitufe hata kimoja cha kusukuma, na huongozwa kwa waifai.

Jambo ambalo wateja wengi hawalifahamu ni kwamba sauti yenyewe haipiti ndani ya kishikwambi. Maikrofoni huingia kwenye kisanduku, hesabu zote hufanyika humo, na sauti hutoka kwenda kwenye spika. Kishikwambi hupeleka amri tu. Ndiyo maana mawasiliano yakikatika muziki haunyamazi, bali huendelea jinsi ulivyoachwa. Hiyo ni faraja hadi mluzi uanze, au mgeni rasmi ashike maikrofoni iliyofungwa. Hapo fundi huwa kama dereva aliyeng'olewa usukani gari likiwa bado linakwenda.

Chanzo kikubwa cha kukatika huko ni mtandao. Masafa ya gigahetsi 2.4 yana njia tatu tu zisizoingiliana, nazo hugombewa na simu, ruta za majirani na vifaa vingine vingi. Aidha, mwili wa binadamu una maji mengi, na maji hufyonza mawimbi hayo. Matokeo yake ni mtego unaowanasa hata wazoefu: saa kumi jioni, ukumbi ukiwa mtupu, kila kitu hufanya kazi vizuri, saa mbili usiku, watu mia tano wakiwa wameketi na simu zao mifukoni, kishikwambi hakipati mtandao.

Dawa yake inajulikana. Ruta iliyojengwa ndani ya kisanduku haitoshi kwa kazi ya ukumbi mkubwa. Inafaa kutumia ruta ya pembeni ya masafa ya gigahetsi 5, yenye njia nyingi zaidi ingawa haipenyi kuta vizuri, na kuinyanyua juu ya vichwa vya watu. Kishikwambi nacho kifungwe kisipokee taarifa, kisijisasishe chenyewe, na kizuiwe kuhamia mtandao mwingine. Baadhi ya vifaa, vikigundua kuwa ruta ya mitambo haina intaneti, huiacha kimyakimya na kujiunga na waifai ya hoteli.

Joto ni adui mwingine. Apple hueleza kuwa iPad imekusudiwa kutumika mahali penye joto lisilozidi nyuzi 35. Dar es Salaam mwezi Februari hupita nyuzi 30 kivulini, sembuse kwenye uwanja wa wazi saa nane mchana. Kikizidiwa, kifaa hutoa onyo na kukataa kufanya kazi hadi kipoe.

Kisha kuna umri. Meza ya sauti iliyotunzwa vizuri huweza kufanya kazi miaka kumi na tano au zaidi, lakini kishikwambi huacha kupokea programu mpya mapema zaidi. Mfumo wa iOS 11, uliotolewa Septemba 2017, ulikataa kufungua programu zote za zamani za biti 32, na ambayo mtengenezaji wake hakuiandika upya ilikufa siku mwenye kifaa alipokubali kusasisha. Kwa upande huo mashine za Soundcraft Ui zina nafuu, kwani huongozwa kupitia kivinjari cha kawaida cha intaneti bila programu maalumu, hivyo simu au kompyuta yoyote yaweza kushika zamu.

Lililo gumu kurekebisha ni kidole. Kitufe halisi hushikwa huku macho yakiwa jukwaani. Kioo hakina mahali pa kupapasa, na jasho hukichanganya. Kwa sababu hiyo wapo mafundi wanaounganisha ubao mdogo wenye vitufe vya kusukuma, kama X-Touch ya Behringer, kwa waya wa mtandao, na kukiacha kishikwambi kwa kutembelea ukumbini. Allen & Heath ya Uingereza, kwa upande wake, iliiwekea Qu-Pac kioo cha kugusa kwenye kisanduku chenyewe, ili kishikwambi kikipotea fundi akimbilie jukwaani na kuendelea na kazi.