Nyuzi za Plastiki Katika Maji ya Kufulia: Namanyere na Nyanda za Ufipa

Plastiki ndogo ni vipande vya plastiki vyenye ukubwa usiozidi milimita 5. Zile za maji ya kufulia ni nyuzinyuzi, nyingi nyembamba kuliko unywele, zinazochomoka kwenye poliesta, akriliki na nailoni. Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, baridi ya Juni na Julai huwavalisha watu masweta na majaketi na kuwafunika mablanketi ya manyoya. Vitu hivyo ndivyo vinavyonyonyoka.

Kiasi. Mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, kilikadiria kwamba kilo 6 za akriliki zikifuliwa kwa mashine hutoa nyuzi zaidi ya 700,000. Kufua kwa mkono kuna nafuu. Watafiti wa China walipolinganisha kitambaa cha poliesta tupu, mashine ilitoa wastani wa vipande 23,723, mikono 1,853. Hata hivyo, kuloweka, kutia sabuni na kusugulia kwenye ubao kuliongeza idadi.

Mapito. Maji ya beseni humwagwa uani bila kusafishwa, na mvua huyasomba hadi kwenye vijito. Mito ya Ufipa huteremka pande mbili: Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Rukwa haina mto wa kutoa maji, hivyo kinachoingia hubaki humo. Kuhusu samaki, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha plastiki katika mmoja kati ya kila sangara watano, na vivyo hivyo kwa sato, walionunuliwa Mwanza, Ziwa Victoria.

Kupunguza. Sweta lisilo na jasho wala doa lianikwe lipigwe upepo, lisifuliwe. Likifuliwa, litiwe maji baridi na sabuni kidogo, likamuliwe kwa kubonyezwa. Doa lisuguliwe peke yake. Maji ya kwanza yachujwe kwa kipande cha kanga kuukuu cha pamba kilichokunjwa mara mbili: utando wa kijivu unaobaki juu yake utupwe na taka kavu, kanga isisuuzwe mtoni. Maji yaliyochujwa yamwagwe kwenye shimo lililo mbali na kisima na kijito.

Kanga hukamata nyuzi kubwa tu, na shimo haliozeshi plastiki. Huichelewesha isifike ziwani. Kwa hiyo kupunguza idadi ya mafuo hutangulia kuchuja.