Mtendaji Asiyetajwa

Mtu akipiga ukelele "Nyoka!", hakuna anayengoja kitenzi. Katika Lojban, lugha ya kubuniwa, ukelele huo, "since", ni sentensi kamili. Haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Mzazi wa Lojban ni Loglan, lugha ambayo Mmarekani James Cooke Brown alianza kuiunda mwaka 1955 ili apime kama lugha huongoza fikra za wasemaji wake. Kila kiarifu alikipa nafasi zake kwa mpangilio maalumu. Nafasi ya kwanza, ya mtendaji, ikiachwa wazi, ilikuwa amri: "kamla", yaani "njoo!" Mswahili hashangai, "soma" na "lala" navyo huvua kiambishi cha nafsi vinapoamrisha.

Mwaka 1987 Bob LeChevalier na wenzake walijitenga na Brown baada ya mzozo wa haki za umiliki, wakaunda msamiati upya, na lugha yao ikawa Lojban. Ugomvi ulifika mahakamani, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya Marekani ikakubali alama ya biashara ya jina Loglan ifutwe. Katika Lojban amri ilipewa neno lake, "ko". Pengo la mtendaji likabaki kwa anayeona jambo na kulitangaza: "klama", huyo anakuja!

"Klama" ina nafasi tano: anayekwenda, aendako, atokako, njia na chombo. Nani atazijaza zote kila anapotoka kwenda dukani? Sarufi ya John Cowan, iliyochapishwa mwaka 1997, inaeleza kwamba pengo huhesabiwa kuwa na "zo'e": kitu fulani ambacho msemaji hakuona haja ya kukitaja. "Mi klama" haisemi wapi, wala haisemi lini. Yaweza kuwa nilikwenda, naenda au nitakwenda. Lugha iliyosifika kwa kutokuwa na utata wa muundo ikamwachia msikilizaji kazi yote ya kubahatisha. Kiswahili kina huruma zaidi: "kimevunjika" hakitaji kitu, lakini ki- inakupeleka kwenye kikombe au kiti.

Kipo kinyume cha "zo'e", nacho ni "zi'o", kinachoifuta nafasi yenyewe. Cowan alichagua mfano mzito: viumbe hai vimeundwa kwa seli. Mtendaji akiachwa tu, "zo'e" inadokeza kwamba yupo aliyeviunda. Ikiwekwa "zi'o", muundaji hayumo kabisa katika kauli. Mtoto wa Kiswahili aliyeangusha sahani huichagua tofauti hiyo bila kufundishwa: haimbii mama kwamba sahani imevunjwa, bali imevunjika.