Hayabusa Alirudi

Msimamizi wangu alizungushia duara herufi moja. Katika insha yangu ya semina nilikuwa nimeandika, "Hayabusa alirudi Duniani usiku wa tarehe 13 Juni 2010." Duara jekundu lilikaa juu ya ile a-, na pembeni kulikuwa na maneno mawili: "Chombo. Kilirudi."

Alikuwa sahihi. Tunasema Titanic ilizama, hatusemi alizama. Semina yenyewe ni ya historia, mojawapo ya chache zinazoturuhusu wanafunzi wa uzamili kuandika kwa Kiswahili, na mwanahistoria anayeanza kulilia mitambo hafiki mbali. Nikafungua faili nisahihishe. Mkono ukakataa.

Sababu ni kwamba nilikuwa nimekaa na picha zake miezi minne. Mada yangu ilikuwa michoro ya mashabiki inayogeuza vyombo vya anga kuwa watu, na katika michoro mingi niliyoikusanya Hayabusa si sanduku la chuma lenye mabawa mawili ya sola. Ni mtoto wa kike mwenye bendeji mguuni, nguo zimeungua pindoni, mikononi amekumbatia kifurushi ambacho hataki mtu mwingine akishike. Wajapani wana neno la kazi hii, gijinka, yaani kukipa kitu umbo la mtu. Wameshaifanyia treni, nchi, hata programu za kompyuta. Mwaka 2013 ulitoka mchezo uitwao Kantai Collection, ambamo manowari za Vita vya Pili vya Dunia ni wasichana. Kwa hiyo mtu anaweza kusema ni mtindo tu, na chombo cha anga kilipanga foleni kama vitu vingine.

Mimi sidhani. Lakini ili nieleze kwa nini, lazima kwanza nisimulie safari yenyewe.

Hayabusa ni jina la kozi, yule ndege mwindaji. Chombo hicho kilirushwa kutoka Uchinoura, kusini mwa Japani, tarehe 9 Mei 2003, kikiwa na uzito wa kilo 510 hivi. Kilitumwa kwenye asteroidi Itokawa, jiwe lenye urefu wa mita 535 tu, kikachote udongo wake kidogo na kuurudisha nyumbani. Hakuna chombo kilichokuwa kimewahi kuleta udongo wa asteroidi. Kabla ya mwaka kwisha dhoruba ya jua ilidhoofisha paneli zake. Kilikuwa na magurudumu matatu ya kudhibiti mwelekeo. Moja likafa Julai 2005, la pili Oktoba, na hapo ndipo kilikuwa kimeanza kazi. Novemba kiliachia kiroboti kidogo kiitwacho MINERVA kitue juu ya jiwe. Kikakosea, kikapotelea angani. Kikaangusha pia mpira wa alama uliobeba majina ya watu 880,000 kutoka nchi 149, huo ukafika. Kikatua mara mbili. Baada ya kutua mara ya pili mafuta yakavuja, chombo kikaanza kuyumba, na mwezi Desemba mawasiliano yakakatika kabisa.

Kwa wiki zaidi ya sita watu wa JAXA, shirika la anga la Japani, walikuwa wakiita bila kuitikiwa. Ishara hafifu ilisikika tena mwishoni mwa Januari 2006. Safari ya kurudi, iliyotakiwa kuisha 2007, ikasogezwa hadi 2010.

Hapo ndipo mashabiki walipomkuta mtoto wao. Japani kuna kipindi maarufu cha televisheni kinachoonyesha watoto wadogo wakitumwa dukani peke yao kwa mara ya kwanza, kamera zikiwafuata kwa siri. Mtoto anasahau alichotumwa, anaanguka, analia kidogo, anainuka. Watu waliufananisha mkasa wa Hayabusa na kipindi hicho, na sikuhitaji kujua Kijapani ili nielewe. Nani kati yetu hakuwahi kutumwa? Unapewa sarafu, unaambiwa usiingie kwenye mpira njiani, na mama amesimama mlangoni akihesabu dakika. Ukichelewa, kwanza ana hasira. Ukizidi kuchelewa, hasira inamtoka na linaingia jambo lingine. Hayabusa alichelewa miaka mitatu.

Watumishi wa JAXA wenyewe walichangia. Kwenye tovuti yao waliweka shajara ya safari ambayo anayezungumza ni Hayabusa-kun, na kun ni kiambishi cha kuitia mvulana. Mashabiki wengi waliendelea kuchora msichana. Hakuna aliyeona haja ya kuwapatanisha.

Usiku ule wa Juni chombo kiliikaribia Dunia. Kapsuli, yenye upana wa sentimita 40 hivi, iliachiwa saa tatu kabla. Kilichobaki hakikuwa na njia ya kuokoka. Kingeingia katika angahewa juu ya jangwa la Woomera, Australia, na kuungua. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Hata hivyo timu iliamua kukigeuza ili kamera yake iitazame Dunia. Picha kadhaa zilitoka nyeusi. Ya mwisho ina Dunia, ya rangi ya kijivu, ina mistari ya wima, na chini imekatika kwa sababu mawimbi yalikatika kabla haijamaliza kufika. Hiyo amri haikuwa na faida yoyote ya kisayansi niliyoweza kuipata. Wahandisi wale hawakuchora katuni, lakini kumgeuza mtu anayekufa ili aone nyumbani ni gijinka, nami sijui niite nini kingine.

Kapsuli ilipofunguliwa, zilipatikana chembe zipatazo 1,500 za Itokawa.

Kuna maelezo rahisi ambayo nilikutana nayo kila nilikopita: ati Wajapani wako hivyo. Wana ngano za tsukumogami, vyombo vya nyumbani vinavyopata roho vikitimiza miaka mia. Wana ibada ya kuziaga sindano zilizovunjika, ambazo huchomwa katika tofu laini ili zipumzike. Yote ni kweli, na yote hayatoshi. Shirika la anga la Ulaya lilitengeneza katuni za Rosetta na Philae wenye macho na midomo, na Philae alipodunda na kutua kivulini kwenye nyota-mkia ya 67P tarehe 12 Novemba 2014, Wazungu waliolia walikuwa wengi. Wamarekani nao wana kigari chao cha Mirihi, Opportunity, kilichotarajiwa kufanya kazi siku 90 kikafanya miaka zaidi ya kumi na minne. Februari 2019, kilipotangazwa kuwa kimekwisha, dunia nzima ilikariri maneno yake ya mwisho: kwamba betri inaisha na giza linaingia. Watu wamechora maneno hayo, wameyachanja mwilini. Kigari hakikuyasema. Kilituma takwimu za umeme na za vumbi lililofunika jua, na mwandishi wa habari mmoja ndiye aliyezifasiri hivyo katika Twitter.

Kwa mwanafunzi wa historia hili ni tatizo kubwa kuliko herufi moja. Chanzo hakikusema kile ambacho kila mtu anakumbuka kimesema. Na nilipoirudia michoro yangu kwa jicho hilo, niligundua mahali inaponikera. Novemba 2009 injini za ayoni za Hayabusa zilikuwa zimechakaa zote, na ya nne, iliyokuwa imebaki kama tegemeo, ikasimama. Wahandisi waliunganisha nusu nzima ya injini moja na nusu nzima ya nyingine, zikafanya kazi kama injini moja. Michoro inaonyesha msichana akiuma meno na kujikokota. Iliwezekana kwa sababu kabla ya kurusha, watu fulani walikuwa wameweka katika saketi njia ndogo ya kupitisha umeme kati ya injini hizo, kwa tahadhari, bila kujua kama itahitajika. Katika mchoro watu hao hawamo. Ushujaa wao amepewa msichana. Ukikipa chombo uso, kuna mtu pembeni anaupoteza wake.

Hilo nililiandika katika rasimu ya pili, nikaridhika, na nikabadilisha a- zote kuwa ki-. Kisha nikaenda nyumbani Ngomeni likizo.

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi. Mbele yake baharini yamesimama majukwaa ya chuma ya Waitaliano, San Marco na Santa Rita. Kati ya 1967 na 1988 roketi zilirushwa kutoka hapo, maana ukikaa karibu na ikweta mzunguko wa Dunia hukupa msukumo wa bure. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, ilipaa setilaiti ya Marekani ambayo mkuu wa mradi wake, Marjorie Townsend, aliipa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta eksirei za angani peke yake. Ilizunguka polepole, mara moja kwa dakika 12 hivi, ikipepesa anga, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Setilaiti yenyewe ilianguka na kuungua 1979. Haikuchorwa na shabiki hata mmoja ambaye nimewahi kumwona.

Babu yangu alikuwa kibarua katika boti zilizopeleka mizigo majukwaani. Nilijua hivyo tangu utotoni kama unavyojua kwamba babu alikuwa na baiskeli. Safari hii nikamuuliza.

"Alipokwenda zake tulikuwa ufuoni," akasema. "Waliokuwa na kazi walikuwa kule, sisi tuliambiwa tukae. Akanguruma, mjukuu wangu, mpaka kuku wakaingia majumbani."

Nikamzuia. "Babu, nani alikwenda?"

"Si huyo Uhuru unayeniuliza?"

Nilimweleza kuhusu duara jekundu. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akanionyesha mashua ya jirani iliyokuwa imepwelewa mchangani. Hicho ni chombo, akasema. Na chombo, kwa watu wa pwani, ni kitu cha kwanza kupewa jina baada ya mtoto. Mitepe ya zamani ya Lamu ilichorwa macho omoni. "Ukiwa nje usiku na upepo umegeuka, utamwambia 'twende mama.' Hutamwambia 'kiende.' Huyo mwalimu wako amewahi kuvua?"

Sikuwa na jibu la kitaaluma.

Jioni ile nilichukua daftari nikamchora Uhuru. Mimi si mchoraji. Nilimfanya msichana wa miaka kumi na mitano, na mara nikakwama: sura ya nani? Alitengenezwa Marekani, akarushwa na Waitaliano, jina amepewa la kwetu kwa sababu ya kalenda. Nilimvika leso kisha nikaifuta, nikaona namdanganya. Nikairudisha. Nikamchorea mabawa manne ya sola yanayotoka mgongoni na kumfanya anageuka polepole, mkono mmoja juu ya jicho kama mtu anayetafuta jahazi mbali.

Babu aliishika karatasi kwa urefu wa mkono wake, miwani ikiwa juu ya paji la uso mahali ambapo haimsaidii.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Mzuri. Na boti umeiacha wapi?"

Nikamwambia boti haihusiki, huyu tayari yuko angani. Akanirudishia karatasi. Boti inahusika, akasema, kwani alifikaje jukwaani, aliogelea?

Kwa hiyo chini ya miguu yake nikachora bahari, nikachora boti, nikaweka watu wanne ndani. Akasema hawakuwa wanne, walikuwa saba. Akaanza kuwataja huku akinielekezea wapi kila mmoja alikuwa akikaa, yupi alikuwa mrefu, yupi hakuvua kofia hata kwenye joto. Watano aliwakumbuka kwa majina. Wa sita alimkumbuka kwa kikohozi. Wa saba tulimwachia nafasi yake karibu na usukani, na asubuhi babu akaenda msikitini mapema ili akawaulize wazee wenzake.