Kumeng'enya Lignini: Istilahi na Maana Yake

Mahindi yakisha kuvunwa, shambani husalia mabua, ambayo ng'ombe huyatafuna kwa taabu, mvua huyanyeshea yasioze upesi, na aghalabu mwenye shamba, akiona msimu wa kulima umekaribia, huyakusanya mabiwi akayatia moto. Ukaidi huo wa mabua unatokana na kitu kilichomo katika kuta za seli za mmea, nacho huitwa lignini, jina alilolitoa mwanazuoni wa mimea wa Uswisi, Augustin Pyramus de Candolle, mwaka 1813, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya ubao au kuni.

Atakayeiita utomvu atakosea, kwa kuwa utomvu huchuruzika gome linapotiwa jeraha, ilhali lignini hukaa palepale ilipojengwa. Mfano wake ni nyumba ya fito na udongo: fito ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya sukari, na lignini ni ule udongo uliokandikwa ukakauka, ukaziba kila upenyo, hata anayezitaka fito hana budi kuubomoa udongo kwanza. Katika miti mingi huwa kadiri ya asilimia 20 hadi 30 ya uzito mkavu. Ng'ombe, pamoja na wingi wa matumbo yake, haiwezi, maana ndani ya tumbo lake kubwa hewa ni haba, na lignini haivunjiki sawasawa ila penye oksijeni.

Waliojaliwa uwezo huo ni kuvu, hasa jamii ile iletayo uozo mweupe, ulioitwa hivyo kwa sababu lignini yenye rangi ya kahawia ikiondoka, selulosi hubaki nyeupe. Basi kitendo hicho tukiiteje? Neno kuozesha liko karibu, walakini tukisikia kitu kimeoza twafahamu kimeharibika, na hapa tunanena juu ya kitu kinachofanywa kifae. Mimi nalichagua kumeng'enya, tulitumialo kwa chakula tumboni, kwa kuwa ndilo lisemalo kweli. Kuvu haina tumbo. Humwaga maji yake ya kuyeyushia nje ya mwili, chakula kikalainika hukohuko, kisha ikakinyonya. Na viyeyushavyo vilivyomo katika maji hayo lugha yetu imekwisha kuviita vimeng'enya, neno la shina lilo hilo. Kimoja, peroksidesi ya lignini, kilitangazwa mwaka 1983, kikiwa kimepatikana katika kuvu Phanerochaete chrysosporium. Na la ajabu ni kwamba kuvu hiyo haishibi kwa lignini yenyewe, bali huivunja kwa kuitamani sukari iliyositirika nyuma yake.

Mchwa wa vichuguu wameitumia hikima hii tangu dahari. Hubeba nyasi kavu na vipande vya miti, wakavitafuna na kuvilundika ndani, wakaotesha juu yake kuvu ya kuwalainishia chakula. Na uyoga uchomozao kichuguuni baada ya mvua ni tunda la bustani hiyo.

Wakulima wa uyoga wa mamama hufanya vivyo hivyo kwa mikono yao. Mabua hukatwakatwa, yakalowekwa, yakachemshwa ili vijidudu vingine vife, yakapoa, yakashindiliwa mifukoni pamoja na mbegu za uyoga. Nyuzi nyeupe hutambaa mpaka mfuko wote ukawa bonge jeupe. Uyoga ukisha kuchumwa, bua lililokuwa likikwaruza kiganja hupondeka kwa vidole viwili. Huko kusini mwa Chile, magogo ya msituni yaliyoliwa na uozo mweupe yamekuwa yakilishwa ng'ombe, ushahidi ulio dhahiri kwamba hata mti mgumu waweza kugeuzwa malisho.

Hata hivyo si kila kuvu ifaayo, kwani ziko zinazoila selulosi zikaiacha lignini, na mti ukabaki na uozo wa rangi ya kahawia usiomnufaisha mnyama. Hata ile iliyo njema ina mpaka wake: ikiachwa muda mrefu huigeukia selulosi nayo. Kwa hiyo mfugaji atakaye lishe sharti ayatoe mabua mapema, na atakaye mbolea ayaache yaendelee.